Dodoso la K6 la Kijapani la kuchunguza sonona na wasiwasi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudiwa na wanafunzi wa afya ya jamii, watafsiri, na watu wenye shauku tu wanaokutana na dodoso la K6 la Japani kama mfano wa kazi iliyofanywa vizuri. Tumeanza na ya msingi, tukaishia na yale yanayoleta ubishi. Jibu likitegemea jingine, utaelekezwa kwenye namba yake. Sonona hapa ni ugonjwa uleule ambao wengine huuita unyogovu.

## Mambo ya msingi

1. K6 ni kitu gani?

Ni dodoso la maswali sita linalopima dhiki ya nafsi aliyokuwa nayo mtu katika siku 30 zilizopita. Lilitengenezwa Marekani na Ronald Kessler wa Chuo Kikuu cha Harvard pamoja na wenzake, kwa ajili ya uchunguzi wa kitaifa wa afya wa nchi hiyo, na maelezo yake kamili yalichapishwa mwaka 2002. Lina kaka yake, K10, lenye maswali kumi, na yale sita yamo ndani ya hayo kumi.

Ufupi wake haukuja kwa kubahatisha. Walikusanya mamia ya maswali kutoka kwenye madodoso ya zamani, wakayachuja hadi yakabaki yale yanayotofautisha vizuri watu walio karibu na mpaka wa kuugua. Swali linalomtenga mwenye furaha na mwenye furaha zaidi halina kazi hapa, hata likiwa zuri namna gani.

Toleo la Kijapani lilitayarishwa na kundi la watafiti, miongoni mwao Toshiaki Furukawa na Norito Kawakami. Matokeo ya kulihakiki yalitoka mwaka 2008.

2. Linauliza nini hasa?

Linauliza ni mara ngapi, katika siku 30, ulijisikia mwepesi wa kushtuka, uliyekata tamaa, usiyetulia, mwenye moyo ulioinama hata pasiwe na cha kukuchangamsha, unayeona kila jambo ni kazi nzito, na usiye na thamani. Majibu yana ngazi tano, kuanzia *mattaku nai*, yaani hata mara moja, ambalo ni alama 0, hadi *itsumo*, wakati wote, ambalo ni alama 4. Jumla inakwenda kutoka 0 hadi 24.

Ukiyatazama maneno ya Kijapani kwa karibu, unaona jinsi watafsiri walivyofikiri. Kwa "kutotulia" walichukua *sowasowa*, tanakali ya kurudiarudia inayoigiza hali ya mtu asiyekalika, yule tunayesema roho iko juu. Kwa moyo usiochangamka walisema *ki ga harenai*. Kitenzi *hareru* ndicho kinachotumika mbingu inapotakata baada ya mawingu, kwa hiyo hapa ni nafsi iliyokataa kutakata. Na kwa "kazi nzito" wakatumia *honeori*: *hone* ni mfupa, *ori* ni kuvunja. Hakuna hata moja kati ya hayo matatu lililofuata Kiingereza neno kwa neno.

3. Nikipata alama nyingi, nina sonona?

Hapana. K6 ni chujio. Linakuambia kwamba uwezekano umepanda kiasi cha kustahili mazungumzo na mtaalamu. Anayeamua kama ni ugonjwa, na ni ugonjwa gani, ni yeye, baada ya kukusikiliza. Wapo watakaopata alama nyingi kwa sababu wamefiwa wiki iliyopita, na wapo wagonjwa watakaopata chache. Hesabu yake iko swali la 9.

4. Mbona halitenganishi sonona na wasiwasi?

Kwa sababu halikukusudiwa kufanya hivyo. Linapima dhiki ya jumla ambayo magonjwa yote mawili huisababisha, na kwa kweli watu wengi wanaougua moja wana dalili za jingine. Ukikuta ripoti inayojumlisha maswali mawili ya K6 ikayaita "alama ya wasiwasi" na manne ikayaita "alama ya sonona", isome kwa tahadhari kubwa. Anayetaka kutenganisha atumie madodoso yaliyoundwa kwa kazi hiyo, kama PHQ-9 kwa sonona na GAD-7 kwa wasiwasi. Yote mawili yapo kwa Kijapani.

## Tafsiri

5. Walitafsirije, na je, tafsiri nzuri haitoshi?

Walitumia njia ya kawaida ya kutafsiri na kurudisha: mmoja anatoa Kiingereza kwenda Kijapani, mwingine ambaye hajaona asili anakirudisha Kijapani kwenye Kiingereza, kisha Kiingereza hicho kinawekwa kando ya kile cha mwanzo. Makosa ya wazi hujitokeza hapo.

Ila njia hii ina udhaifu ambao watu hawapendi kuusema: inaipendelea tafsiri mbaya. Tafsiri inayofuata asili neno kwa neno hurudi salama salimini, hata kama hakuna binadamu anayezungumza hivyo. Tafsiri hai, yenye *honeori* ndani yake, hurudi imebadilika sura na kuleta ubishi mezani. Kwa hiyo kurudisha tafsiri ni hatua ya kwanza tu. Haituambii kama mtu anayejibu "wakati wote" kwa Kijapani yuko kwenye hali ileile na anayejibu hivyo kwa Kiingereza. Hilo linahitaji ushahidi mwingine, ndio ule wa swali la 7.

6. Japani hawakuwa na madodoso mengine? Kwa nini waongeze jingine?

Walikuwa nayo. CES-D, dodoso la maswali 20 lililotoka Marekani mwaka 1977, lilikuwa limetumika Japani kwa miaka mingi. Na historia yake huko ndiyo somo ninalolipenda kuliko yote katika habari hii.

Kati ya maswali yake 20, manne yanauliza mambo mema: kwamba mtu alikuwa na furaha, alikuwa na matumaini ya kesho, alijiona ni mtu mzuri sawa na wengine. Alama za maswali hayo hugeuzwa, anayekataa mema anaongezewa alama za sonona. Noboru Iwata na wenzake, wakilinganisha wafanyakazi wa Japani na wa Marekani, waliona kwamba kwenye maswali ya mabaya tofauti haikuwa kubwa, lakini kwenye yale manne Wajapani walijizuia waziwazi. Ugonjwa haukuwa sababu. Kujisifu kwamba "nina furaha, mimi ni mzuri kama wengine" si adabu iliyozoeleka kule, na adabu hiyo ikageuka alama za sonona kwenye karatasi.

Sisi tunalifahamu jambo hili kwa upande wa pili. Muulize mtu wa pwani "hujambo?" naye ana homa ya siku tatu. Atajibu "sijambo" kwanza, ndipo aseme "ila nina homa". Mgeni asiyejua angeandika kwenye fomu yake kwamba mtu huyu ni mzima.

K6 halina swali hata moja la mema, kwa hiyo mtego huo haupo. Iwata mwenyewe alikuwa miongoni mwa waandishi wa utafiti wa 2008.

## Uthibitishaji wenyewe

7. Kuthibitisha dodoso ni kufanya nini? Walifanyaje?

Ni kuonyesha, kwa watu halisi, kwamba alama za dodoso zinaendana na hali inayotafutwa. Unawapa watu dodoso, na watu walewale unawafanyia uchunguzi mrefu unaoaminika zaidi, kisha unaangalia kama majibu yanakubaliana.

Kwa K6 la Kijapani kazi hiyo ilifanyika ndani ya uchunguzi wa afya ya akili uitwao kwa kifupi WMH-J, tawi la Japani la mradi wa kimataifa. Watu 2,436 kutoka jamii saba za nchi hiyo walijibu K6 na K10, na pia wakafanyiwa mahojiano marefu ya CIDI, yanayotoa utambuzi kwa vigezo vya DSM-IV, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili. Swali lilikuwa: je, alama zinawatambua waliokuwa na ugonjwa wa hisia (kama sonona) au wa wasiwasi ndani ya siku 30 zilizopita?

Walifanya jambo moja la busara: walikwenda kwa watu wa mitaani, siyo kwa wagonjwa waliolazwa. Kuwatofautisha wagonjwa wa wodini na wanafunzi wa chuo wenye afya si kazi, dodoso lolote litang'ara. Ugumu uko kwenye watu mchanganyiko, wengi wakiwa katikati.

8. Nasoma kwamba K6 lilipata 0.94. Asilimia 94 ya nini?

Hapa ndipo wengi huteleza. Haimaanishi kwamba dodoso lilipatia kwa watu 94 kati ya 100.

Chukua mgonjwa mmoja kwa bahati nasibu, na asiye mgonjwa mmoja kwa bahati nasibu. Uwezekano kwamba mgonjwa atakuwa na alama za juu zaidi ni 0.94. Ndiyo maana yake. Dodoso lisilojua chochote lingepata 0.5, sawa na kurusha shilingi.

K10 nalo lilipata 0.94 vilevile. Yaani maswali manne ya ziada hayakuongeza kitu cha maana, na kwenye uchunguzi wa maelfu ya watu maswali manne ni karatasi, muda na uchovu. Basi K6 likapendwa.

Tazama pia upana wa makisio: kati ya 0.88 na 0.99. Upana huo kwa watu zaidi ya 2,000 unaonyesha kwamba wagonjwa wenyewe ndani ya sampuli walikuwa wachache. Idadi inayotegemewa katika hesabu hizi ni ya wagonjwa, hata kama sampuli nzima ni kubwa.

9. Kama kipimo ni kizuri hivyo, kwa nini wengi wanaonaswa si wagonjwa?

Kwa sababu wasio wagonjwa ni wengi mno. Tuseme (namba hizi ni za mfano tu) kuna watu 1,000, na 50 kati yao ni wagonjwa. Chujio linanasa wagonjwa 80 katika kila 100, na linawaacha salama wazima 90 katika kila 100.

Litanasa wagonjwa 40 na kuwakosa 10. Kati ya wazima 950 litawanasa 95 kimakosa. Walionaswa ni 135, na wagonjwa wa kweli humo ni 40, hawafiki hata theluthi. Lipeleke chujio hilohilo kliniki ambako nusu ya watu 1,000 wanaokuja ni wagonjwa: watanaswa wagonjwa 400 na wazima 50. Sasa karibu tisa kati ya kila kumi wanaonaswa ni wagonjwa. Dodoso halikubadilika hata nukta.

10. Na hayo mahojiano ya CIDI, nani kayathibitisha?

Swali la haki. CIDI hufanywa na wahojaji waliofunzwa ambao si madaktari, wakisoma maswali yaliyoandikwa. Anayeficha kwenye dodoso anaweza kuficha kwenye mahojiano pia, na hapo vipimo viwili vitakubaliana vizuri, vyote vikiwa vimekosea.

Kwa Japani hili si nadharia tupu. Matokeo ya mradi wa kimataifa yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha asilimia 8.8 ya watu wazima wa Japani walikuwa na ugonjwa wowote wa akili ndani ya mwaka, wakati Marekani ni asilimia 26.4. Sehemu ya tofauti hiyo huenda ni ya kweli. Sehemu huenda ni aibu ya kusema. Mimi siamini kwamba yote ni upande mmoja.

11. Utafiti ule una upungufu gani mwingine?

Wagonjwa wachache (swali la 8), na waliokubali kushiriki kwenye WMH-J walikuwa zaidi kidogo tu ya nusu ya waliochaguliwa. Mtu mwenye sonona kali ana sababu zote za kutofungua mlango.

## Alama za kikomo

12. Kikomo ni 5, 10 au 13? Nimekuta vyote vitatu, na vyote ni vya Japani.

Kikomo ni alama ambayo mtu akiifikia anahesabiwa kuwa amenaswa. Vyote ni sahihi, kila kimoja kwa kazi yake.

Kumi na tatu kilitoka Marekani, kikiwa kimewekwa kutafuta ugonjwa *mzito* wa akili. Japani kilitumika baada ya tetemeko, tsunami na ajali ya nyuklia ya Machi 2011. Uchunguzi wa afya wa mkoa wa Fukushima uliwalenga watu wapatao 210,000 wa maeneo yaliyohamishwa, na watu wazima wakajaza K6. Waliofika 13 mwaka wa kwanza walikuwa asilimia 14.6, wakati hali ya kawaida Japani ni kama asilimia 3. Kila aliyefika hapo alistahili kupigiwa simu na mshauri. Ukiwa na washauri wachache na majina maelfu, unataka kikomo cha juu.

Kumi ni cha serikali. Tangu 2007 wizara ya afya imeweka K6 kwenye uchunguzi wake mkubwa wa hali ya maisha unaofanyika kila miaka mitatu, na huhesabu waliofika 10 kuwa na dhiki "inayolingana na" ugonjwa wa hisia au wa wasiwasi. Mpango wa kitaifa wa afya uliweka lengo la kushusha kiwango hicho kutoka asilimia 10.4 ya mwaka 2010 hadi 9.4. Mwaka 2019 kilikuwa 10.3. Angalia neno "inayolingana". Hawasemi watu hao wanaumwa.

Tano kilitokana na uchambuzi uliochapishwa Japani mwaka 2011, uliotafuta alama inayonasa magonjwa ya hisia na wasiwasi kwa mizani bora. Wavu wenye matundu madogo: dagaa wengi wataingia, ila samaki hapotei. Kinafaa pale ambapo anayenaswa anakwenda kwenye mazungumzo ya dakika kumi, siyo kwenye dawa.

13. Kama vikomo vinahama, tafsiri ya Kijapani imefanana na asili kwa lipi?

Kwa jambo la ndani zaidi. Watafiti wa 2008 hawakuishia kwenye kikomo. Waligawa alama kwa madaraja, wakakokotoa kwa kila daraja: mtu aliyepata alama hizi, uwezekano wake wa kuwa mgonjwa unapanda au kushuka mara ngapi? Uwiano huo ulikuwa karibu sawa Japani na kwenye toleo la Kiingereza.

Faida yake ni kwamba mwenye alama 6 na mwenye 20 hawatupwi kwenye kapu moja la "amenaswa". Na uwiano unaweza kuuhamisha: unaanza na kiwango cha ugonjwa cha mahali ulipo, kikiandikwa kama wagonjwa kwa kila asiye mgonjwa, unakizidisha kwa uwiano huo, unapata makisio ya mtu huyu. Kikomo hakihamishiki hivyo, kwa kuwa ndani yake mmefichwa kiwango cha ugonjwa cha mahali, idadi ya washauri, na gharama ya kukosea. Wanaonakili "13" kutoka makala ya Marekani na kuipachika kwenye utafiti wao huwa wamenakili hayo yote bila kujua.

14. Wastani wangu ni mkubwa kuliko wa makala zote. Nimekosea wapi?

Kabla ya yote, angalia kama umehesabu kuanzia 1 badala ya 0. Wengine, hasa Australia, huhesabu 1 hadi 5, jumla ikawa 6 hadi 30. Kikomo cha 13 huko kinaitwa 19. Nimeshasoma rasimu nzima ya tasnifu iliyojengwa juu ya kosa hili, na mwandishi alikuwa ameshaeleza kwa kurasa mbili kwa nini watu wake wana dhiki kiasi kile.

15. Mtu akiruka swali moja?

Kwa maswali sita, pengo moja ni kubwa. Amua kanuni kabla ya kukusanya data, na uiandike. Usiweke 0, maana kuruka "sina thamani" mara nyingi si sawa na kusema "hata mara moja".

## Hali za pembeni

16. Je, ndilo dodoso wanalojaza wafanyakazi wa Japani kila mwaka?

Hapana. Sheria iliyoanza kutumika Desemba 2015 inazitaka sehemu za kazi zenye wafanyakazi 50 na zaidi kufanya uchunguzi wa msongo kila mwaka, na dodoso linalopendekezwa lina maswali 57, yakihusu kazi yenyewe, dalili za msongo, na msaada anaoupata mtu kwa wanaomzunguka.

17. Mbona haliulizi habari za kujiua?

Halimo, na jambo hilo lina pande mbili. Fomu ya serikali inayoachwa nyumbani na kukusanywa baadaye haiwezi kumsaidia mtu usiku anapoijaza. Kumuuliza kisha kukaa kimya wiki kadhaa ni jambo zito. Lakini kliniki, ukitegemea K6 peke yake, hujauliza lile muhimu kuliko yote. PHQ-9 linauliza kwenye swali lake la tisa. Ukitumia K6 mbele ya mgonjwa, uliza mwenyewe kwa mdomo.

18. Naishi Japani, Kijapani changu ni cha kusomea. Nikilijaza, alama zina maana?

Zina maana hafifu. Lilihakikiwa kwa watu waliokulia ndani ya lugha. *Sowasowa* unaweza kuijua kutoka kwenye kamusi bila kuihisi mwilini. Omba toleo la Kiingereza kama hicho ndicho unachokimudu zaidi, na useme kwa maneno yako kinachokusumbua.

19. Je, Kiswahili kina kazi kama hii?

Ipo. Mwaka 2002 Sylvia Kaaya na wenzake walichapisha uhakiki wa dodoso la Hopkins la vipengele 25 kwa wajawazito wenye VVU Tanzania, na PHQ-9 la Kiswahili limefanyiwa kazi Kenya na Tanzania. Zimbabwe walianzia upande wa pili: dodoso la Kishona la maswali 14 lilijengwa kutokana na maneno ya watu wenyewe, kama *kufungisisa*, kufikiri kupita kiasi. Kwa Kiswahili ndiyo yale "ana mawazo", na kila mtu anaelewa kwamba hasifiwi kwa kufikiri.

20. Nikitaka kutafsiri K6 kwa Kiswahili, niige Kijapani?

Tafsiri kutoka kwenye asili, ila iga ujasiri wao. Kiswahili kina mitego yake. "Wasiwasi" ni hofu, lakini pia ni shaka: nina wasiwasi na fundi huyu. "Najisikia vibaya" kwa wengi ni tumbo au homa. Na ukimuuliza mkulima wakati wa palizi kama kila jambo limekuwa kazi nzito, atakutazama, aseme ndiyo, na atakuwa amesema kweli tupu.

Kabla ya kukokotoa chochote, yasome maswali kwa sauti mbele ya watu watano wasio wanafunzi, na baada ya kila moja mwambie mtu akueleze ulichomuuliza. Ukisoma lile la moyo usiochangamka na mmoja akakuuliza "kuchangamshwa na nani?", rudi mezani.